Haki Yake Mpeni

Hivi, ndugu msomaji, mtu akiimba vibaya mbele yako halafu akakuuliza, "Nilikuwaje?", utamjibu nini? Wengi wetu tutasema "safi sana", kisha tubadilishe mazungumzo haraka. Tunauita huo wema. Mimi pia nilikuwa nikiuita hivyo, na leo nataka kujihoji mbele yako kama kweli ulikuwa wema au woga tu.

Nianzie mbali kidogo. Tarehe 13 Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid, lililoandaliwa na wanamuziki Bob Geldof na Midge Ure ili kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Lilipigwa siku moja katika viwanja viwili, Wembley jijini London na JFK mjini Philadelphia, Marekani, likarushwa kwa setilaiti duniani kote. Inakadiriwa watazamaji walizidi bilioni moja. Kule Philadelphia, mbele ya watu karibu 90,000, wakapanda jukwaani Duran Duran, vijana wa Kiingereza waliotamba sana miaka ile. Wimbo wao wa sinema ya James Bond, "A View to a Kill", ulikuwa namba moja Marekani wiki hiyohiyo. Wakafungua nao.

Basi mwimbaji wao, Simon Le Bon, alipofika pale juu, mahali ambapo kila mwenye kaseti alikuwa anapajua kwa moyo, sauti ikampasukia. Si kukwaruza kidogo, la. Ni kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Jamaa alichemsha! Miaka imepita mingi na bado watu wanaicheka noti ile moja. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuaibika namna ile.

Haya, mtafutie neno jema. Njia rahisi ni kusema, "Lakini bwana, walikuwa wanasaidia wenye njaa." Ni kweli, walisaidia. Ila nia ni kitu kimoja na sauti ni kitu kingine. Ukimsifu mwimbaji kwa sababu ya sadaka hujamsifu kuimba. Umemfunika shuka tu asionekane.

Najua habari ya shuka hilo kwa sababu nimewahi kulitumia. Rafiki yangu mmoja aliimba kwenye sherehe ya harusi. Akafika kwenye kipande cha juu, sauti ikamkatika, akameza mate, akaendelea. Aliposhuka akaja kwangu moja kwa moja, jasho linamtoka, akauliza, "Nilikuwaje?" Nikamwambia, "Safi sana." Akafurahi, nami nikafurahi kwamba amefurahi.

Baada ya wiki chache aliitwa kuimba kwingine, mbele ya watu wasiomjua. Akachagua wimbo uleule, kwa kimo kilekile cha sauti. Safari hii watu walicheka wazi, na kuna waliopiga miluzi. Jioni alikuja nyumbani, akakaa, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Siku ile ya harusi, ulisikia?"

Nilisikia. Yeye aliniamini masikio yangu, mimi nikamlipa kwa maneno ya bure.

Tangu siku hiyo naurudia mara kwa mara mkanda wa Philadelphia, nikitafuta la kusema ambalo ni jema na pia ni kweli. Nimegundua kwamba lipo, ila halipatikani kwa kusikiliza mara moja. Kwanza, noti ile mbovu ni ushahidi kwamba Le Bon alikuwa akiimba kweli, hakuwa akichezesha midomo juu ya kanda. Pili, kundi lilikuwa limegawanyika kwa miezi kadhaa, kila upande na shughuli zake, lakini wote watano walisimama pamoja siku ile. Hawakusimama tena hivyo jukwaani hadi mwaka 2003. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, hakukimbia. Sauti ilipompasukia dunia nzima ikisikia, aliumaliza wimbo, wakapiga nyingine tatu. Alikuwa na miaka 26, umri wa sisi tunaoandika katika kurasa hizi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Noti ilikuwa mbovu, hiyo ni haki ya masikio yetu. Kumaliza wimbo ilikuwa ushujaa, na hiyo ni haki yake.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Agosti 1985, mwezi mmoja hivi baada ya tamasha, Le Bon alikuwa kwenye mashindano ya mashua za tanga karibu na pwani ya Uingereza. Mashua yao, Drum, ilipinduka, naye akanaswa chini yake pamoja na wenzake hadi walipookolewa. Wote walipona. Lakini je, angezama? Nina hakika wale waliokuwa wakimcheka wangepata mengi mazuri ya kumwelezea. Si ndivyo tunavyofanya sisi misibani? Marehemu hakosi sifa hata kidogo. Sasa kama maneno mema tunayo, kwa nini tunamngojea mtu afe? Na kama tunayabuni tu kwa ajili ya msiba, yana faida gani kwa aliyelala pale?

Kwa rafiki yangu nilichelewa. Nilimwambia, "Nilisikia. Wimbo ule uko juu mno kwako, uteremshe. Lakini ulipokatika hukuacha, na hapo mimi ningekimbia." Akanitazama, akasema, "Hilo ndilo nililokuwa nalitaka siku ile." Sikuwa na jibu.

Nami nina mswada wa riwaya chini ya kitanda. Siku nitakayokuletea, tafadhali usiniambie "safi sana". Nionyeshe ukurasa uliokuchosha. Kisha, kama upo, nionyeshe na ule uliokufanya usahau chai yako hadi ikapoa.