Nani Aliyelichafua Ziwa?

Mbuzi akiibiwa, twamtafuta mwizi. Bali watu maelfu wakitia kila mmoja uchafu kidogo katika maji ya wote, tena kwa ruhusa ya sheria, tumshike nani? Swali hili liliwapata watu wa Seattle na vitongoji vyake, kando ya Ziwa Washington, huko Marekani.

Maji machafu ya nyumba zao yalipitishwa kwanza katika mitambo ya kusafishia, ndipo yakatiwa ziwani. Kwa hiyo kila mtu alijihesabu kuwa hana deni. Lakini ndani ya maji hayo ilibaki fosforasi, nayo ni mbolea; ziwa likaota mwani kama shamba lililoachwa. Mwaka 1955 W. T. Edmondson, mwenye elimu ya maziwa, pamoja na wenzake, waliona mwani wa namna ile iliyotangulia kuharibika kwa Ziwa Zürich, Uswisi. Wakawaonya watu mapema.

Kipimo chao kimoja kilikuwa sahani tu, kama ile aliyoijaribu baharini padre Angelo Secchi wa Roma mwaka 1865. Huteremshwa kwa kamba hata isionekane tena, kisha kina huandikwa. Mwaka 1964 sahani ilipotea machoni kwa inchi 30 tu, yaani haikufika hata kiunoni pa mtu mzima.

Sisi twaona hivi: kabla ya kuonywa, watu wale hawakuwa na hatia, maana hawakujua. Baada ya kuonywa, kila nyumba ilikuwa na deni, hata ile isiyoliona ziwa dirishani. Wala deni halikupungua kwa kuwa wadeni walikuwa wengi. Machi 1958 shauri la kulipa kwa umoja lilikataliwa katika kura za vitongoji. Septemba mwaka ule ule likakubaliwa. Mabomba makubwa yakachimbiwa, na kutoka 1963 hata 1968 maji yale yakaondolewa ziwani. Kabla ya mwaka 1980 sahani ilionekana kupita futi 10.

Hata hivyo twasita kidogo kusifu. Maji yale yalipelekwa Puget Sound, mkono wa bahari, wenye kina kirefu na mikondo yenye nguvu. Je, kumhamishia jirani mkubwa uchafu wako ndiko kulipa? Mtambo wa West Point, unaopokea sehemu kubwa ya maji yale, uliongezewa usafishaji wa pili katika miaka ya 1990 tu.