Dhana Mbaya Juu ya Mgonjwa Asiyeonekana Kuumwa



Ada yetu ni kumwamini mgonjwa mwenye homa, kidonda au mfupa uliovunjika, kwani maradhi yake twayaona kwa macho. Lakini akitokea mtu mwenye uso wa siha, asiye na homa wala jeraha, akasema, "Sina nguvu," twamwita mvivu. Na akiwa mwanamke, twaongeza kwamba ajisingizia ili ahurumiwe. Swali letu ni hili: je, yafaa kumhukumu mtu kuwa mwongo kwa sababu tu sisi hatuyaoni maradhi yake?

Natutazame maradhi yaitwayo mayastenia gravisi. Mwenye maradhi haya aghlabu huamka asubuhi na nguvu zake. Akifanya kazi, misuli hulegea. Kope humteremka, huona kitu kimoja kuwa viwili, sauti hufifia, hata tonge humshinda kumeza. Akipumzika, nguvu humrejea. Kwa hivyo jirani aliyemwona asubuhi akifagia ua, na jioni akamwona hawezi kuinua kikombe, husema: "Asubuhi alikuwa mzima, basi huu ni uwongo." Naye hajui ya kuwa kugeuka huko ndiko alama yenyewe ya maradhi! Ushahidi alioutoa kumtia mwenziwe hatiani ndio unaomtakasa.

Mwaka 1672 tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akinena vizuri, lakini akizidisha maneno ulimi wake hufungwa kwa saa moja au mbili. Willis hakuijua sababu, hata hivyo alimshuhudia kuwa ni mwanamke mwenye busara na mkweli. Mwaka 1934 Daktari Mary Walker, huko Greenwich, London, alimdunga mgonjwa wake sindano ya fisostigmini, na nguvu zikamrudia kwa muda. Mwaka 1973, huko Marekani, Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwadunga sungura protini iliyotolewa kwa samaki wa umeme, na sungura wakalegea kama wagonjwa hao. Ikadhihirika kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huweza kuvishambulia vipokeo vilivyo juu ya msuli, vinavyopokea amri ya mshipa wa fahamu. Mshipa waita, msuli hausikii. Ni kama bawabu amzuiaye mwenye nyumba mlangoni pake.

Basi tangu 1672 hata 1973 ni miaka 301. Je, mwanamke yule alikuwa mwongo muda wote huo, kisha akawa mkweli siku sungura walipolegea? La, hasha! Alikuwa mkweli tangu siku ya kwanza. Ujinga wetu haubatilishi ukweli wa mtu.

Huenda mtu akasema: "Wako wajitiao ugonjwa ili wakimbie kazi." Ni kweli, wako. Lakini natuyapime makosa mawili. Tukimwamini mwongo, tumepoteza kazi ya siku moja. Tukimkadhibisha mgonjwa, huenda tukaipoteza roho yake, kwani maradhi haya yakifika kwenye misuli ya kuvuta pumzi huweza kuua. Mwenye akili huchagua kosa lililo jepesi.

Wala kumwamini si kumpa pole tupu. Ni kumpeleka hospitali akapimwe, maana dawa ziko, na baadhi ya wagonjwa hupasuliwa wakatolewa tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Naye amweleze kila daktari maradhi yake kabla ya kupewa dawa nyingine, kwani baadhi, kama kwinini, huweza kumzidishia ulegevu. Na akishindwa kumeza au kupumua, asingojewe kupambazuke.

Aliyekwisha kumwita mgonjwa wa nyumbani kwake mvivu, na amwombe radhi leo, kisha amshike mkono waende kwa tabibu.