Kabati la Kitale, Tangi la Bungoma

Hapa Kitale hakuna mkulima anayenunua mbegu kwa kupendezwa na picha ya pakiti. Ukifika dukani, muuzaji hukuuliza kwanza: shamba liko wapi? Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa hapa mjini mwaka 1956, ina mahindi ya H6, kama H614, ya nyanda za juu kama zetu zilizo karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ina pia ya H5, kama H513, yanayokomaa mapema na kufaa miinuko ya wastani, kama huko chini Bungoma. Mbegu zote ni nzuri, ila kila moja ina udongo wake. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilipopeleka zawadi ya harusi Bungoma, nililisahau.

Binti wa mwenzetu katika chama alikuwa anaolewa Desemba. Mimi ndiye mweka hazina wa chama hicho, wanawake 12, na kila mmoja alitoa shilingi 3,000. Tukawa na 36,000. Kamati ya harusi ilikuwa imetuma orodha kwenye simu, fupi na ya adabu: tangi la maji la lita 1,000, mtungi wa gesi wa kilo 13, blanketi mbili, sufuria, vikombe sita. Mwishoni waliandika kwamba asiye na uwezo aje tu, kuwepo kwake kunatosha.

Tulipokutana, nilisoma orodha kwa sauti kisha nikaiweka kando. Niliwauliza wenzangu: mshereheshaji akiita kundi la Kitale, tutaingia tukicheza na tangi? Tangi ni la mahali pa ujenzi. Wakweze watatuonaje? Mama mmoja mzee, ambaye huwa hasemi sana, alisema, "Lakini hao watoto wameomba maji." Nilimkata kauli. Nilimwambia vijana hawajui wanachohitaji, sisi tumekaa kwenye ndoa miaka mingi. Akanyamaza.

Tukanunua kabati la vyombo, la mbao nzito, lenye milango ya vioo na taa ndogo ndani. Pesa zote zikaishia hapo. Tulilifunga kwenye pikapu kwa kamba na magodoro, tukashuka nalo kwa Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma. Uwanjani tulicheza mpaka vumbi likatanda. Watu walisimama kutazama. Nilijisikia vizuri siku ile, nakiri.

Agosti nikapita Bungoma kwa shughuli nyingine, nikaona vyema nimwone bibi harusi wetu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili upande wa Kanduyi. Nilimkuta njiani, mimba ya miezi saba, mkono mmoja umebeba mtungi wa lita 20, mwingine umeshika kiuno. Alipouweka chini kunisalimu, niliona alama nyekundu ya mpini imekata vidole vyake. Mfereji wa ploti yao hutoa maji mara mbili tu kwa wiki. Wenye tangi hujaza siku hizo wakatulia. Wao walikuwa na ndoo tatu na beseni. Zikiisha, hununua kwa mchuuzi wa mkokoteni, shilingi 20 kila mtungi, mitungi minne kwa siku. Nikapiga hesabu kichwani: 2,400 kwa mwezi. Siku ambayo pesa hazipo, anakwenda kuteka mwenyewe.

Kabati sikuliona. Niliuliza. Aliinama kidogo, akasema halikupita mlangoni. Mume wake alilipeleka nyumbani kwa wazazi wake. Kisha akaniambia neno ambalo limenikaa moyoni hadi leo: "Mama, msituwazie vibaya. Zawadi yenu ni nzuri. Nyumba yetu ndiyo ndogo."

Mtoto wa watu alikuwa ananiomba msamaha kwa kosa langu.

Basi funzo ni hili, na nalisema kwa sababu najua harusi nyingine zinakuja Desemba hii. Anayetoa zawadi ana njaa mbili: njaa ya kumfaa anayepewa na njaa ya kuonekana. Ya pili ikishika usukani, zawadi hugeuka mzigo, na mwenye kupewa analazimika kuubeba akitabasamu. Orodha ipo ili ile njaa ya pili isitutawale. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi hatukujua siku za mfereji wa Kanduyi; wenyewe walijua, na wakatuambia.

Wako wanaosema orodha ni mambo ya Wazungu na kwamba kwetu mgeni hapangiwi. Kweli, duka la Marshall Field's la Chicago ndilo hutajwa kuwa lilianza kuwaandikia maharusi orodha ya zawadi, mwaka 1924. Lakini kutaja haja wazi si ugeni kwetu. Katika harambee ya shule, mwalimu husimama akasema tumebakisha mabati na misumari, na hakuna anayekuja na zulia. Mahari nayo hujadiliwa, ng'ombe kwa ng'ombe, mbele ya wazee. Kwa nini kijana akitaja tangi aonekane hana adabu?

Wanaoandika orodha nao wana wajibu. Waweke vitu vya kila mfuko, vikombe na tangi pamoja, ili mama mwenye kuku mmoja asibaki nyumbani kwa aibu. Orodha si kodi. Na mzee akiona jambo ambalo vijana wamelisahau, na ampigie simu mmoja wao amuulize kabla hajalipa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, niliyekuwa na jibu mkononi nikaliweka kando.

Niliporudi Kitale niliitisha kikao na kuwaeleza wenzangu nilichokiona. Nilimgeukia yule mama mzee nikamwomba radhi mbele ya wote. Hakunilaumu. Alifungua leso yake, akaweka mezani shilingi 1,000, akasema, "Mtoto anazaliwa Oktoba. Mpigie simu binti sasa hivi, umuulize."

Nikapiga, simu ikiwa kwenye spika. Nilimuuliza mtoto aletewe nini. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayepima kama anaulizwa kweli, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama si taabu, wangeshukuru kwa tangi.