Mchoro Usimpaushe Mtu

Wanangu mnaotengeneza picha, mteja siku hizi anakuja na sura ya marehemu baba yake ndani ya simu, anataka igeuzwe mchoro wa penseli aitundike sebuleni. Mnabonyeza kitufe kimoja, mchoro huo, pesa hiyo. Sina ugomvi na kitufe. Ugomvi wangu ni uso unaotoka: mzee aliyekuwa mweusi tititi katoka mweupe pe.

Si bahati mbaya, ndivyo hesabu ilivyo. Ifanyeni wenyewe, kwenye Photoshop au kwenye GIMP isiyo na malipo. Picha iondoeni rangi. Nakilini leya yake, nakala muigeuze negativu, kisha mchague mchanganyo wa kala doji. Kioo karibu chote kitakuwa cheupe, na wengi hapo hudhani wameharibu kazi. Hamjaharibu. Programu inagawa mwanga wa kila nukta kwa kinyume cha negativu yake, yaani kwa nukta ileile. Kitu ukikigawa kwa chenyewe jawabu ni moja, na moja hapa ni weupe kamili. Ngozi nyeusi, shati jeupe, ukuta wa bluu, vyote sawa.

Sasa itieni ile negativu ukungu wa Gaussian. Mwanga wa kila nukta unachanganyika na wa jirani zake, hesabu hailingani tena kwenye kingo, na mistari inajitokeza: kope, mkunjo wa shavu, ukosi wa kanzu. Ukungu mdogo hutoa mstari mwembamba. Ukiuongeza, mstari unanenepa na vivuli vinaanza kuingia. Lakini shavu lililo laini, liwe jeusi au jeupe, kwa programu ni karatasi tupu.

Kwa hiyo rudisheni ngozi. Ile picha ya kwanza isiyo na rangi inakilini, muiweke juu ya zote kwa mchanganyo wa maltiplai, kisha mpunguze nguvu yake mpaka asilimia 30 au 40 hivi. Hata hivyo namba isiwatawale. Wekeni picha ya asili pembeni mlinganishe. Macho na meno yasije yakafifia: tieni maski kwenye leya hiyo, mpake nyeusi hapo tu kwa brashi laini. Sisi tuliotoka chumba cha giza tulikinga mwanga wa mashine ya kukuzia kwa kiganja, ili sehemu fulani ya karatasi isiwe nyeusi mno. Doji ni kazi hiyohiyo, ila kiganja kilikuwa na macho nyuma yake.

Kanga ya maua madogo itawasumbua. Kila ua lina ukingo wake, na yote yatachorwa mpaka nguo imshinde mwenye nguo. Ilainisheni kidogo kwenye picha ya asili kabla ya kuanza.

Na picha iliyorushwa WhatsApp mara kumi, mmh. Imebanwa, na kala doji huzidisha chembechembe za sehemu zenye giza. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza. Ombeni faili lenyewe, au ya karatasi muiskani. A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka nukta 2480 kwa 3508. Mteja akiwa hana nyingine, mwambieni ukubwa unaowezekana kabla hajatoa pesa.