Mgeni Alalaye Nyumbani mwa Maskini

Ukarimu ni sifa ipendwayo na watu wote, maana kila mtu ana siku ya kuwa mwenyeji na siku ya kuwa mgeni. Tajiri akipokea mgeni husifiwa, wala hakuna aulizaye mgeni yule amelala siku ngapi. Lakini uko mlango mmoja ambao mgeni huuingia na salamu mkono mmoja na hesabu mkono wa pili. Huo ni mlango wa mtu ambaye riziki yake hutoka serikalini. Je, serikali imlishayo mtu ina haki ya kumwuliza ni nani aliyelala kwake jana? Nakusihi, msomaji, usilijibu swali hili upesi, kwa sababu pande zote mbili zina maneno ya haki.

Tuanze na Uingereza. Nchi hiyo huwapa watu wasio na kazi, na wenye mapato madogo, fedha za kujikimu kila mwezi. Katika mwaka wa hesabu ulioanza Aprili 2024, mtu aishiye peke yake, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, aliwekewa pauni 393.45 kwa mwezi kuwa kiwango cha msingi. Watu wawili waishio kama mume na mke waliwekewa pauni 617.60 kwa pamoja. Ukijumlisha viwango vya watu wawili waishio mbalimbali utapata pauni 786.90. Basi wawili hao walipohesabiwa kuwa nyumba moja, walipungukiwa pauni 169.30 kila mwezi. Juu ya hayo, kama mmoja wao ana kazi, mshahara wake huhesabiwa kuwa riziki ya mwenzake pia, na msaada huweza kupungua sana au kukoma kabisa.

Hapo ndipo mgeni wa usiku huwa jambo kubwa. Watu wengi wa nchi ile huamini kwamba sheria humruhusu mpenzi kulala siku tatu kwa juma, si zaidi. Imani hiyo si sahihi, kwani sheria haikutaja idadi ya siku. Hutazama mambo mengi kwa pamoja: kama wawili hao wana makao mamoja, kama fedha zao zimechanganyika, kama uhusiano wao umedumu, kama wanalea watoto pamoja, na kama majirani huwajua kuwa mtu na mkewe. Kutazama mambo mengi ni hekima, maana maisha ya watu hayapimwi kwa kamba moja. Walakini mpaka usioonekana humtisha mtu kuliko ukuta. Mama mwenye watoto wawili, asiyejua mpaka uko wapi, hukaa mbali nao kwa hofu: humwomba rafiki yake aondoke kabla ya saa sita ya usiku, na hununua chakula cha kesho kwa upweke wa leo.

Hofu hiyo ina historia. Katika jimbo la Alabama, Marekani, ilitungwa kanuni mwaka wa 1964 iliyomnyima msaada mama wa watoto wasio na baba ikiwa ana uhusiano wa kimwili na mwanamume mwenye nguvu zake. Mwanamume huyo aliitwa baba wa badala, hata kama hakuwapa watoto wale kipande cha mkate. Mjane mmoja, Bibi Smith, mama wa watoto wanne, alikuwa mpishi na mhudumu wa mkahawa. Alianza kazi saa tisa u nusu za usiku na kumaliza saa sita za mchana, kwa ujira wa dola 16 hadi 20 kwa juma. Mnamo Oktoba 1966 msaada wa watoto wake ulikatwa kwa sababu ya mtu aliyemzuru mwishoni mwa juma. Mtu huyo alikuwa na mke wake na watoto tisa wa kuwalisha. Mashtaka yalifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi wa Juni 1968 majaji wote kwa kauli moja, kwa maandishi ya Jaji Mkuu Earl Warren, walisema kwamba mzazi katika sheria ile ni yule mwenye wajibu wa kisheria wa kuwatunza watoto, si kila apitaye mlangoni. Lakini kati ya Juni 1964 na Januari 1967 watoto waliokuwa wakipata msaada Alabama walikwisha kupungua kwa 16,000 hivi.

Huko Alameda, katika jimbo la California, mambo yalifika mbali zaidi. Mwezi wa Januari 1963 watumishi wa serikali walitumwa kugonga milango ya maskini alfajiri ya Jumapili, wakatafute wanaume vitandani na makabatini. Mtumishi mmoja, Benny Parrish, alikataa kwenda, akafukuzwa kazi. Mwaka wa 1967 mahakama kuu ya jimbo ilimpa haki, ikaeleza kwamba ruhusa itolewayo na mtu aogopaye kukosa chakula si ruhusa ya hiari.

Ukiisha kusikia hayo, yamkini utasema serikali isiulize neno lolote. Ngoja kwanza. Fikiri juu ya jirani aliyefunga ndoa mchana kweupe. Mshahara wa mumewe huhesabiwa mpaka senti ya mwisho, na msaada wake hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Ikiwa mwenziwe wa nyumba ya pili ana mwanamume aletaye mshahara kila mwezi, naye humficha nyuma ya neno mgeni, basi yule wa kwanza ametozwa faini kwa ukweli wake. Tena fedha zile ni jasho la watu, na kati yao wamo maskini wengine. Kwa hiyo serikali ina haki ya kuuliza. Kisichotulia bado ni hiki: iulize nini?

Wazee wetu walikwisha kulipima jambo hili waliposema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi husikia siku katika methali hii na kusahau jembe. Kuchomoza kwa jua mara tatu hakumgeuzi mgeni kuwa mtu wa nyumbani; kinachomgeuza ni jembe, yaani sehemu yake katika kazi na katika chungu. Alalaye siku nne bila kuleta chochote bado ni mgeni, pengine ni mzigo. Alipaye kodi ya nyumba na kununua unga ni mwenyeji wa pili. Serikali na iulize habari za chungu; iache kuuliza habari za kitanda. Iulize mchana, kwa kalamu na kwa adabu, na iandike kanuni zake kwa maneno ambayo mtu wa kawaida huweza kuyaelewa.

Liko neno jingine. Watu hawaingii katika maisha ya pamoja kwa siku moja. Huzuruana, hupimana tabia, na baadhi huachana kwa heri. Sheria imwadhibuye maskini kwa hatua za kwanza humzuia kuifikia ndoa ambayo ingemwondoa katika msaada.

Kuna njia ya kumhesabu kila mtu peke yake. Hapa Kenya, mpango wa mwaka 2018 wa kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi ulitazama umri wa mzee. Fedha hizo si nyingi, lakini mzee hana sababu ya kumwogopa mjukuu alalaye kwake. Njia hiyo nayo ina gharama: huweza kumpa mwenye nacho pamoja na asiye nacho.

Wajibu hauko upande mmoja tu. Apokeaye msaada naye yampasa kusema kweli siku ile mgeni wake anaposhika jembe, maana uongo wa mmoja huwaletea kumi wema masaka ya alfajiri.

Wewe usomaye leo huenda kesho ukakaa nyuma ya meza ya ofisi, na mbele yako akasimama mama mwenye karatasi mkononi. Utataka kujua mambo mengi. Jiulize kwanza ni yapi unayohitaji kuyajua ili umtendee haki yeye na jirani yake, na ni yapi unayotaka kuyajua kwa sababu tu yeye ni maskini na hawezi kukufungia mlango.