Mali ya Mzee Ihesabiwe Mchana

Bibi wa Kikurya aliyefikia uzee bila mtoto wa kiume hakukaa kusubiri shemeji zake waje kugawana ng'ombe. Alitoa mahari, akaoa. Alioa mwanamke kijana, ambaye angezaa watoto wa kubeba jina la nyumba ile, angelima, angechota maji, na siku za ugonjwa angempikia uji na kumgeuza kitandani. Ndoa hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na hapa Mara haijafa. Uliza Tarime, uliza Serengeti, uliza hata Butiama, hukosi kuonyeshwa boma lililojengwa hivyo.

Siitetei. Wasichana wengi walioingia katika ndoa hizo hawakuulizwa wanataka nini, na wengine walikuwa watoto kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo mambo yakiharibika yule binti hana ndoa ya kudai mahakamani. Lakini kila ninaposikia mtu akisema kwamba kupanga uzee ni mambo ya Wazungu, nawakumbuka bibi hao. Walijua kwamba watazeeka. Walijua nani atawatunza na mtu huyo atapata nini. Na walilifanya jambo hilo mchana: ng'ombe wa mahari walihesabiwa watu wakiona, ukoo ukiwa umekaa, majirani wakiwa mashahidi.

Leo mali ya mzee haiko zizini. Hapa Bweri, tangu mabasi ya mikoani yawe yanashukia kwetu, ardhi ina thamani, na mzee mwenye kiwanja karibu na stendi amejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Ana salio kwenye simu. Ana akaunti benki inakoingia pensheni. Ana hisa katika Saccos, na pengine ng'ombe wachache wanaochungwa na ndugu huko Bunda. Ng'ombe wa zamani kila mtu aliwaona. Hivi vya leo anavijua yeye peke yake. Mkataba wa kununulia kiwanja uko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na namba ya siri ya simu anaijua mjukuu wa darasa la saba anayetumwa kwa wakala.

Mtoto akithubutu kuuliza, "Baba, zile karatasi za kiwanja ziko wapi?" anajibiwa, "Kwani mmeshaona siku zangu zimekwisha?" Basi hakuna anayeuliza tena. Tunaogopa kuonekana tunamwombea mzee kifo, naye anaogopa kwamba akitaja mirathi atakuwa amejichulia. Naielewa hofu hiyo, nimekua nayo. Hata hivyo nimeona inakotufikisha, na siwezi kuiheshimu tena.

Inafikisha wazee mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu. Mstaafu anayebanwa na ada ya mjukuu au gharama za hospitali hataki watoto wajue. Anakopa kimya kimya, anaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Pensheni ikiingia, mwenye kadi ndiye wa kwanza kutoa, mzee anapata makombo. Watoto walioko Dar es Salaam na Mwanza wanaamini baba ana hela yake, kwa hiyo hawatumi kitu. Baba naye anaamini watoto wamemtupa. Siri moja imewadanganya wote.

Hata kile kiinua mgongo kina siri zake. Tumebishana sana nchini kuhusu kikokotoo cha mafao, na ubishi ule ulikuwa na maana: mwaka 2022 mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, uliwekwa kuwa asilimia 33 kwa wote, kisha bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Ni haki ya mfanyakazi kuipigania kila asilimia. Ila ningetamani tuwe na nguvu ileile ya kuuliza swali la pili: mkupuo ukishaingia, nyumbani nani anajua umeingia kiasi gani na unakwenda wapi? Nimeshuhudia fedha za miaka mingi ya utumishi zikiishia kwenye daladala bovu ambalo mama wa nyumba alilisikia kwa majirani.

Halafu kuna gharama ya kumtunza mzee, ambayo familia nyingi huihesabu kwa nauli na dawa peke yake. Asubuhi na mapema pale stendi ya Bweri utawaona wazee wakipandishwa basi la Mwanza, bahasha ya picha za eksirei kwapani, wanakwenda hospitali ya Bugando. Zaidi ya kilomita 200 kwenda, na vivyo hivyo kurudi, na msindikizaji mmoja lazima. Hiyo ni gharama inayoonekana, na wana ukoo wataichangia, angalau safari ya kwanza. Isiyoonekana ni ile ya kila siku: pampasi za wakubwa, sabuni, mkaa wa kuchemshia maji ya kuoga, dawa ya presha inayoisha kabla ya mwezi, na zaidi ya yote mtu. Lazima awepo mtu aliyeacha genge lake au shamba lake kwa sababu mzee hawezi kuachwa peke yake. Mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Ni binti aliyerudi nyumbani, au mke wa mtoto.

Serikali inasema nini? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee na ikaahidi matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo. Dirisha la wazee lipo hospitalini, na ni jambo jema, lakini mara nyingi mzee huandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ninaiombea itembee hadi vijijini. Nyabange, wilayani Butiama, kuna makazi ya wazee ya serikali kwa wasio na ndugu wa kuwatunza. Zanzibar ilipiga hatua ambayo Bara bado hatujaipiga: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Ni fedha ndogo, lakini inamfikia bibi mkulima na mvuvi aliyeishiwa nguvu, watu ambao mifuko ya hifadhi haijawahi kuwa na majina yao. Nasema wazi kwamba wazee wa Mara wanaistahili kama wa Pemba, na wabunge wetu waulizwe kuhusu hilo kila wanapokuja kuomba kura.

Turudi kwa yule anayemwogesha mzee, maana hapo ndipo dhuluma yetu ilipo kubwa. Mzee akifa bila kusema neno, wana ukoo watakaa, wataandika muhtasari wa kikao, watapendekeza msimamizi, kisha watakwenda Mahakama ya Mwanzo. Inapotumika sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, mabinti wako la mwisho, na mjane anaelekezwa kwa watoto wake wamtunze. Mke wa mtoto hayumo kabisa. Aliyeshika beseni anatoka na beseni lake.

Wengi hawajui kwamba sheria hiyohiyo inampa mzee mdomo. Inamruhusu kuacha wosia, wa maandishi au wa maneno. Inataka mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo: kama mwenye wosia hajui kusoma wala kuandika, au kama wosia ni wa maneno, wawe wanne, wawili wa kila upande. Anayerithishwa asisimame peke yake kuwa shahidi. Na kuna kifungu ambacho ningependa kisomwe katika kila kikao cha ukoo. Kinataja sababu zinazomruhusu mzee kumnyima mrithi, na mojawapo ni kwamba mrithi huyo hakumtunza katika njaa au ugonjwa. Mila yenyewe, hata ilipoandikwa na serikali miaka zaidi ya 60 iliyopita, ilijua kwamba urithi na utunzaji vinakwenda pamoja. Sisi ndio tuliovitenganisha. (Kwa Muislamu wosia una mpaka wake, theluthi moja ya mali, na shehe atamweleza vizuri kuliko mimi.)

Wosia una nguvu, na historia ya kanda yetu inathibitisha. Holaria Pastory wa Muleba aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana ukoo mmoja akamshtaki, akidai mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Hukumu hiyo inanukuliwa mpaka leo. Watu humkumbuka jaji na binti. Mimi humkumbuka pia yule baba, ambaye angeweza kunyamaza kama wenzake, na binti yake asingekuwa na shamba la kuligombania.

Mtaani kwetu yupo mzee, dereva mstaafu, mgane, ambaye kiharusi kilimlaza upande wa kulia. Anayemtunza ni mke wa mtoto wake wa mwisho. Mwaka jana mzee aliita kikao mwenyewe. Walikuja ndugu wawili wa ukoo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mzee wa kanisa. Mtoto mkubwa alisafiri kutoka Dar es Salaam. Sanduku la bati likatolewa uani, karatasi zikafunuliwa moja moja juu ya mkeka: mkataba wa kiwanja alichokinunua kwa fedha yake, kitabu cha Saccos, karatasi ya deni la duka ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Mzee akaeleza kodi ya vyumba imekuwa ikilipia nini. Kisha akasema vyumba viwili vya nyuma ni vya mkwe wake, viwe vyake hata kama mumewe atatangulia.

"Baba," akasema mtoto mkubwa, "shemeji tunamheshimu. Lakini si wa ukoo wetu."

"Wewe wa ukoo," mzee akamjibu, maneno yakitoka kwa shida, "umewahi kuniogesha?"

Mkwe aliyekuwa mlangoni aliingia ndani. Mzee wa kanisa akaandika, akayasoma yote kwa sauti, akayarudia pale mzee alipoinua mkono. Mzee akaweka dole gumba la kushoto, mashahidi wanne wakasaini. Nakala moja ilibaki kwenye sanduku na nyingine ikapelekwa RITA, ambako wosia huandikwa na kuhifadhiwa ili mjanja asije akauchana. Ufunguo wa sanduku siku hizi uko kwa binti wa pili, naye kila mwezi huwatumia ndugu zake kwenye kundi la familia hesabu ya kodi iliyoingia na dawa zilizonunuliwa. Tangu waone hesabu hiyo, wawili wameanza kutuma hela bila kuombwa.

Mtoto mkubwa hakusaini muhtasari wa kikao siku ile. Alisaini Desemba, aliporudi kwa sikukuu, baada ya kutaka mipaka ya vile vyumba viwili ipimwe kwanza na njia ya kupita iachwe. Alikuwa na haki ya kutaka hivyo, na baba yake alikuwa hai kumwonyesha njia ipite wapi.