Kadari, Gia Nzito na Mlima Sekenke

Mkiwa hakuna mlima wa kumtisha dereva. Ni kijiji cha Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, juu ya uwanda mpana wa katikati ya nchi, mahali ambapo barabara ya Itigi, Rungwa na Makongolosi inachepuka kutoka barabara kuu ya Dodoma na Singida. Lakini anayeondoka hapo na mzigo anajua kwamba uwanda huo una kingo zake. Akielekea Dodoma, baada ya Manyoni ardhi inakatika na barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Kintinku na Bahi. Akielekea Nzega, akishapita Singida mjini na kuumaliza uwanda wa Iramba, anakutana na Mlima Sekenke na kona zake, unaomshusha hadi mbuga za Wembere. Magunia ya alizeti yaliyopakiwa Mkiwa kwenye pikapu au Canter yatateremka tu, upande mmoja au mwingine.

Ni katika kushuka huko ndipo swali la zamani la wanatheolojia linapofika barabarani: lipi ni la Mungu, na lipi ni la dereva?

Swali lenyewe halisubiri chuo. Limechorwa kwenye mabodi ya malori kwa rangi nyekundu na njano, "Mungu Mkubwa", "Mtegemee Mungu". Limo pia midomoni mwa wafiwa: ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hizi si za kubezwa. Mtu aliyempoteza mwanawe hahitaji somo la ufundi matangani. Tatizo ni pale zinapotangulia, zikasemwa kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya gari na kutazama. Hapo haziwi faraja tena, zinakuwa kufuli.

Ili kuona kufuli hilo linafunga nini, inabidi kujua gari linaloteremka kwa mwendo mmoja linafanya kazi gani. Gari la tani tatu na nusu likishuka mita 100 za wima linapaswa kutoa nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 10 za maji. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, linatoa ya kuchemsha zaidi ya lita 160. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akishuka kwa kukanyaga breki ya mguu muda wote, linaingia lote kwenye magurudumu. Dramu zinatanuka na kujitenga na lining. Lining zinaungua, zinakuwa laini juu na kuteleza. Kwenye breki za mafuta, mafuta yenyewe yanaweza kuchemka, na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Watu husema breki zimekatika. Mara nyingi hakuna kilichokatika: zimetumika zaidi ya uwezo wake, kilometa moja baada ya nyingine, dereva akiwa ametulia kabisa.

Breki ya ekzosi ilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo. Injini ya dizeli haibani hewa inayoingia kama ifanyavyo ya petroli, kwa hiyo mguu ukitoka kwenye pedali ya mafuta inalizuia gari kidogo tu. Dawa ni kibati cha mviringo kilichowekwa ndani ya bomba la ekzosi. Kikijifunga, hewa inakosa pa kutokea, pistoni zinasukuma dhidi ya shinikizo, na ukinzani huo unapita kwenye gia hadi magurudumu yanayoendeshwa na injini. Joto linatoka kwa njia ya injini yenyewe, na dramu zinabaki baridi kwa ajili ya ng'ombe atakayekatiza ghafla. Malori madogo ya Kijapani mengi, Canter na Isuzu kwa mfano, hutoka nayo kiwandani, na dereva huishika kwa kijiti kilicho ubavuni mwa usukani. Marekani, pikapu kubwa za Ram zenye injini ya Cummins zinakuja nayo tangu mwaka 2007. Pikapu nyingi za dizeli zinazoonekana Singida hazina kabisa, na dereva wake anabaki na gia nzito tu, ambayo inafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu ndogo zaidi.

Kifaa hiki kina tabia zake. Hakisimamishi gari, kinalishikilia tu. Barabara ikiwa na utelezi na gari likiwa tupu, kinaweza kuyafanya magurudumu ya nyuma yateleze, kwa hiyo kinahitaji akili. Na kinashika vizuri pale tu injini inapozunguka kwa kasi, maana yake gia nzito iwe imeshaingia. Hili la mwisho ndilo lenye uzito kwa swali letu. Gia huchaguliwa juu, kabla ya kona ya kwanza, wakati gari linatii, redio inaimba na hakuna dalili yoyote ya hatari. Aliyeanza kushuka na gia nyepesi, mwendo ukamzidi, akijaribu kurudisha gia huenda ikagoma kuingia, na gari likabaki fri na uzito wake wote. Wapo hata wanaoweka fri kwa makusudi, kwa imani ya kuokoa mafuta. Hesabu yao imepinda: injini za dizeli za siku hizi, zikisukumwa na magurudumu huku mguu umetoka kwenye pedali, hukata mafuta, ilhali iliyo fri lazima inywe kidogo isije ikazima.

Mwanafalsafa Myunani Aristotle hakuwahi kuona ekzosi, lakini alilijua jambo hili. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako anazungumzia mtu aliyerusha jiwe. Likishatoka mkononi hawezi kuliita lirudi, lakini hilo halimpi haki ya kusema halikuwa katika uwezo wake, kwa sababu kurusha au kutorusha kulikuwa kwake. Humo humo anataja sheria zilizomwadhibu mara mbili aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa kujizuia kulewa kulikuwa katika uwezo wake na ulevi ndio uliomziba macho. Kwa Aristotle, basi, swali la wajibu haliulizwi pale mtu alipokosa uwezo. Linaulizwa pale alipokuwa nao bado.

Likichukuliwa hivyo, mjadala wa kadari na hiari unabadilika sura. Kwenye kona ya mwisho ya Sekenke, pedali ikiwa imezama, kweli dereva hana hiari. Anayesema pale palikuwa na Mungu peke yake hakosei sana. Anakosea tu akidhani safari ilianzia hapo.

Wanazuoni wa Kiislamu wana kisa ambacho wengi wamekisikia msikitini, na kinafaa hapa kuliko falsafa ya Kiyunani. Karibu mwaka 639, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, eneo la Siria, alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, sahaba mkubwa na kamanda wa jeshi la Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alijibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu. Akichungia upande wowote, anachunga kwa kadari ya Mungu. Jibu hilo halimpunguzii Mungu chochote. Linasema tu kwamba kugeuza msafara nako kumo ndani ya kadari, na kijiti cha breki ya ekzosi kimo humo pia.

Kisa hicho kina upande ambao wahubiri huupitia haraka. Abu Ubayda alirudi kwa askari wake na tauni ile ikamuua. Wanaokisimulia kisa hicho hawamdharau, kwani alibaki kwa ajili ya watu aliokabidhiwa. Kuchukua tahadhari, kwa hiyo, si kujipenda tu, na kujihatarisha si lazima kuwe ujinga. Kinachopima ni nani anahatarishwa, na kama alishauriwa.

Upande wa Wakristo, Injili za Mathayo na Luka zinamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu akishawishiwa ajitupe chini, malaika watamdaka. Anakataa, kwa hoja kwamba kumjaribu Mungu hakufai. Anayeingia mteremko na breki anazojua ni mbovu, rozari ikining'inia kwenye kioo, yuko karibu sana na kinara kile. Tofauti ni kwamba nyuma yake kuna abiria juu ya magunia, na wao hawajaulizwa.

Shukrani na ufundi pia havigombani. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwenye injini za dizeli zilizobeba jina lake, alikuwa akiivuka Marekani kwa lori ili kuonyesha uwezo wa injini hizo. Katika mteremko wa Cajon Pass, California, breki zilimwishia, na chini treni ya mizigo ilikuwa ikikatiza barabara. Mkia wa treni ulipita lori likiwa limeshafika, kwa nafasi finyu mno. Mtu anaweza kuuita muujiza, na hana wa kumbishia. Cummins hakuishia kwenye kunusurika. Alibaki na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka 20, na breki ya injini aliyoibuni, ambayo badala ya kuziba ekzosi huachia hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, ilianza kuuzwa na kampuni ya Jacobs mwaka 1961.

Hata hivyo, wapo ambao jibu la Aristotle haliwahusu. Tarehe 24 Juni 2002, katika Mkoa wa Dodoma unaopakana na Singida, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilisimama kwenye mwinuko wa Igandu, breki zikashindwa kuishika, ikarudi nyuma kwa kasi kilometa kadhaa hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mama aliyekuwa na mtoto behewani hakuwa na kijiti cha kushika, wala hakukuwa na saa ambayo angeweza kuchagua gia. Kwa ndugu zake, swali la nani alikosea linaweza kujibiwa lote na bado wakabaki na jingine: kwa nini wao, na kwa nini treni ile?

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa mpakani mwa nchi ambazo leo ni Sudan Kusini na Kongo, aliandika kuhusu ghala la nafaka linaloporomoka na kuua watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini liliporomoka wakati wale, na si wengine, wako chini yake. Wao walijibu kwa uchawi, jirani yao angejibu kwa mapenzi ya Mungu, mwingine kwa bahati. Lakini waliyaweka maswali mawili mbalimbali, na la pili halikufuta la kwanza. Mchwa walibaki mchwa.

Barabarani, maswali hayo mawili huchanganywa kila siku, na kwa kawaida mchanganyiko huo unamfaidisha mtu. Kwa mfano, kibati cha breki ya ekzosi hukaa kwenye masizi. Kisiposafishwa kinaganda, na kikiganda nusu, injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, na mlima haupandiki. Gereji za barabarani zina dawa ya haraka.

"Kaka, hiki kibati kimeganda," fundi anasema kutoka chini ya gari.

"Kifunge waya kikae wazi, fundi. Bosi anataka mzigo kesho."

Mpira wa vakyumu unachomolewa, waya unazungushwa mara mbili na kubanwa kwa koleo. Gari linapata nguvu hapo hapo, na kila mmoja anaridhika. Kijiti kinabaki kwenye usukani. Kikivutwa, taa yake ya dashibodi inaweza hata kuwaka, ila huko chini hakuna kinachojifunga. Miezi sita baadaye dereva mwingine anaajiriwa, anakabidhiwa ufunguo, na haambiwi.

Huyo wa pili akifa Sekenke, jiwe la Aristotle limerushwa na mikono mingapi? Dereva wa kuajiriwa anayelipwa kwa safari hana uhuru mkubwa wa kukataa gari. Fundi alitii. Bosi hakuwahi kusema neno breki, alisema kesho tu. Polisi wataanza na marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na mara nyingi wataishia kwake kwa kuwa hawezi kujitetea. Shehe au padri atakayemzika ana haki ya kusema kwamba ajali ile haikuwa nje ya ujuzi wa Mungu. Akiwa na ujasiri wa Umar, anaweza pia kumgeukia mwenye gari, aliyesimama mstari wa mbele makaburini na kuchangia sanda, akamuuliza kuhusu waya.